Unga kidogo unawezaje kushika nusu lita ya mafuta ya ufuta?

«Shikamoo mtaalamu. Niko Lindi mjini, natengeneza mafuta ya mgando ya kupaka kwa ufuta na nta ya nyuki. Nauza hapa sokoni na kwa wateja wachache wa Mtwara. Miezi ya kusi yanatoka laini na yanashika. Kaskazi ikianza tu, makopo yanatoka jasho, mafuta yanaelea juu, na mengine yanakuwa na chengachenga ukisugua mkononi. Mdogo wangu anasoma kemia chuoni. Likizo hii kaniletea unga mweupe, anasema unatokana na mafuta ya nyonyo. Tukapasha moto nusu lita ya ufuta, tukatia vijiko viwili vya chai, tukaacha ipoe. Imeganda mpaka nimepindua chupa na hakijamwagika kitu! Anasema unagandisha hata mafuta ya taa na thina. Nimeogopa kidogo. Je, ufuta wangu umegeuka kitu kingine? Huo unga unanyonya mafuta kama sponji, au ni plastiki? Naweza kuutumia kwenye bidhaa yangu badala ya nta? Na kama nyonyo inatoa kitu hicho, maganda yetu ya korosho hayawezi?»

Marahaba, dada. Umeuliza mengi kwa mpigo, lakini yote yana mzizi mmoja: umeona kimiminika kimesimama kwenye chupa iliyopinduliwa, na hujui kimeshikwa na nini. Tukilielewa hilo, jasho la makopo yako, usalama wa unga na habari ya korosho vitapata majibu, ingawa si majibu yote yatakayokufurahisha.

Hofu kwanza. Ufuta wako haujageuka. Kilichotokea chupani hakifanani na utengenezaji wa sabuni. Ukichanganya mafuta na kostiksoda, molekuli za mafuta zinavunjwa, unapata sabuni na gliserini, na hata uipashe moto namna gani, sabuni hiyo hairudi kuwa mafuta. Sasa chukua sehemu ya mgando wenu, uweke kwenye bakuli la chuma, na bakuli hilo ulitie ndani ya sufuria ya maji ya moto. Utalegea, utakuwa angavu, utamiminika. Uache upoe, utaganda tena. Kitu kinachokwenda na kurudi hivyo kwa joto peke yake, bila kuongezwa wala kupunguzwa chochote, kimebadilika mpangilio tu. Molekuli za ufuta ni zilezile zilizotoka kwenye mbegu kule Nachingwea au Kilwa, na hili neno «zilezile» litarudi mara kadhaa hapa chini kwa sababu lina faida na lina hatari zake.

Kuhusu sponji: sponji ipo tayari kabla ya kutiwa kwenye maji, ina vitundu vyake, kazi yake ni kujaza. Unga wenu haukuwa na vitundu vyovyote. Uliyeyuka kabisa katika ufuta wa moto, ukapotea machoni. Kile kinachoshika mafuta kilijengwa baadaye, humohumo ndani ya mafuta, wakati yanapoa. Na plastiki nayo si yenyewe. Plastiki na wanga wa muhogo, hizi ni molekuli ndefu mno; za wanga zina uzito wa molekuli unaofika mamilioni, ndiyo maana uji unakuwa mzito: kila moja ni uzi tangu mwanzo. Kwa maelezo yako nadhani unga wa mdogo wako ni asidi ya 12-haidroksisteariki (soma lebo, usinitegemee mimi niliye mbali). Molekuli yake ina kaboni 18 tu, na uzito wake ni takriban 300. Haina urefu wa kujisokota na chochote. Lazima molekuli zijipange zenyewe, moja baada ya nyingine, mpaka urefu upatikane.

Hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe, kwa hiyo nivumilie nikae kidogo.

Ufuta ukiwa wa moto, molekuli za unga zimetawanyika, kila moja inazunguka peke yake katikati ya mafuta. Joto likishuka, mafuta hayawezi tena kuzibeba zote. Zinatakiwa zitoke. Vitu vingi vikitakiwa kutoka hivyo vinatoka kama fuwele: punje zinazokua pande zote, zinakuwa nzito, zinazama chini. Umeshaona chumvi ikijitenga kwenye maji yanayokauka. Molekuli hii ina tabia nyingine kwa sababu ya umbo lake. Upande mmoja ina kichwa cha asidi, na vichwa viwili vikikutana vinashikana, hivyo molekuli zinatembea wawiliwawili. Kisha, kwenye kaboni ya 12 ya mkia wake, ina oksijeni moja na haidrojeni moja zilizoning'inia pembeni. Kikundi hicho kidogo kinavutana na kikundi cha molekuli ya jirani, jirani naye anavutana na wa pili yake, na kuendelea. Mvutano huu ndio bondi ya haidrojeni. Ni dhaifu: kuivunja kunahitaji kama kilojuli 10 hadi 30 kwa moli, wakati bondi ya kawaida kati ya kaboni na kaboni inahitaji karibu 350. Lakini bondi hizi zimepangika kwenye mstari mmoja. Matokeo yake, kitu kinakua upesi sana kuelekea upande mmoja na polepole pande nyingine. Kikikua hivyo, hupati punje, unapata uzi.

Nyuzi hizo zina unene wa makumi ya nanomita, yaani unaweza kulaza elfu moja na zaidi kando kwa kando kwenye upana wa unywele mmoja. Urefu wake ni mkubwa mara mamia kuliko unene. Zinachipua matawi, zinagusana, zinanasana, mpaka chupa nzima, kutoka ukuta hadi ukuta, inakuwa na wavu mmoja. Chini ya hadubini ya elektroni, kwa unga huu wa nyonyo, nyuzi zinaonekana zimejisokota, na zote zimesokotwa kuelekea upande mmoja. Mjapani Tachibana na wenzake walilichunguza jambo hili katika miaka ya 1960 kwa asidi hii na kwa chumvi yake ya lithiamu (yaani asidi hiyo ikiungana na madini ya lithiamu). Sababu ya msokoto ni kwamba kile kikundi cha kaboni ya 12 kinaweza kukaa kwa sura mbili, moja ikiwa taswira ya kioo ya nyingine, na mmea wa nyonyo unatengeneza sura moja tu. Ukitengeneza maabara mchanganyiko sawasawa wa sura zote mbili, nyuzi zinakosekana, unapata vibapa, yaani vipande bapa, na mgando unakuwa dhaifu au haupo. Mmea, kwa hiyo, umeshafanya kazi ambayo mkemia angeifanya kwa gharama kubwa.

Kuna ushahidi mwingine rahisi zaidi. Asidi ya steariki, ile inayowekwa kwenye mishumaa, ina kaboni 18 zilezile na kichwa kilekile. Inachokosa ni kile kikundi kimoja pembeni. Itie kwenye ufuta kwa kiasi hichohicho cha vijiko viwili: haitakupa chupa ya kupindua. Atomu moja ya oksijeni ndiyo tofauti.

Sasa, wavu una matundu, na matundu ni makubwa kuliko molekuli za mafuta mara nyingi sana. Mbona mafuta hayapiti? Fikiria kanga iliyotoka kwenye beseni la maji. Kitambaa kina uzito mdogo kuliko maji kiliyobeba, na kati ya nyuzi kuna nafasi tele, ila ukikiinua juu maji mengi yanabaki, kwa sababu kwenye nafasi finyu mvutano kati ya maji na nyuzi unashinda uzito wa maji. Ikamue, maji yanatoka, na ni maji yaleyale. Mgando wako uko hivyo, isipokuwa nyuzi zake ni nyembamba mno na nafasi ni ndogo mno, kwa hiyo kiasi kidogo sana cha nyuzi kinatosha. Vijiko vyenu viwili huenda ni gramu 8 hivi. Nusu lita ya ufuta ni takriban gramu 460. Unga ni chini ya asilimia 2. Wapo wagandishi wengine, yaani vitu vinavyogandisha kama unga huu, wanaofanya kazi hiyo wakiwa chini ya asilimia 1.

Ukiyajua haya utaelewa pia kwa nini mdogo wako yuko sahihi nusu. Ili wavu ujengeke, kimiminika kinatakiwa kiupende unga kwa kiasi. Kikiupenda sana, unabaki umeyeyuka hata baridi. Kisipoupenda, unaanguka chini kama fuwele. Mgando upo katikati, na hapo katikati ni pembamba. Mafuta ya taa ni kaboni na haidrojeni tupu, hayana cha kushindania bondi ya haidrojeni, kwa hiyo yanaganda vizuri. Spiriti ina kikundi chake chenye oksijeni na haidrojeni. Inawahi kuzishika molekuli za unga kabla hazijashikana zenyewe, na kwa kawaida haigandi kwa unga huu. Thina inategemea ni thina gani, maana neno hilo kwenye maduka ya rangi linabeba michanganyiko mingi tofauti. Hata leo wataalamu wa fani hii hawawezi kukaa na kalamu wakatabiri kwa uhakika molekuli fulani itagandisha kiyeyushi fulani. Wanakisia vizuri, kisha wanajaribu chupa moja baada ya nyingine na kuzipindua, kama mlivyofanya nyinyi.

Ndiyo maana wagandishi wengi waligunduliwa kwa bahati. Mkemia alikuwa anatafuta fuwele safi, akarudi asubuhi akakuta chupa imejaa kitu kama jeli, akakasirika akamwaga. Mojawapo ya waliorekodiwa mapema ni kiungo kilichotengenezwa kutokana na sorbitoli, sukari-pombe inayopatikana kwenye matunda. Mfaransa Meunier alikiripoti mwaka 1891. Leo jamaa ya kiungo hicho imo kwenye vijiti vya kuzuia harufu ya kwapa na kwenye vyombo vya plastiki vinavyong'aa hadi kuonekana ndani. Utafiti wenyewe ulishika kasi miaka ya 1990, na mapitio makubwa ya wakemia Pierre Terech na Richard Weiss ya mwaka 1997 ndiyo yaliyowaonyesha wengi kwamba hii ni fani, si ajali za maabara. Na kama unataka kuuona unga wa nyonyo kazini bila kwenda mbali, nenda kwa fundi wa bodaboda. Grisi nyingi duniani ni mafuta ya mashine yaliyogandishwa kwa nyuzi za chumvi ya lithiamu ya asidi hiihii.

Turudi kwenye makopo yako, maana ndiyo yanayokulisha.

Nta ya nyuki inafanya kazi kwa njia ya jirani na hiyo. Ni mchanganyiko wa molekuli ndogondogo nyingi, inayeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, na ndani ya mafuta inatoa vibapa vyembamba vya fuwele vinavyoegemeana na kujenga kiunzi. Watu wengi wanadhani mgando wa nta ni salama mpaka nyuzi 62 zifike. Sivyo. Hiyo ni nta peke yake. Nta iliyomo ndani ya mafuta inayeyuka kidogokidogo kadiri joto linavyopanda, chini sana ya hapo. Kwa hiyo mchana wa kaskazi, kopo likiwa mbele ya duka lenye bati au kwenye buti la gari la kwenda Mtwara, sehemu ya kiunzi chako inarudi kuwa kimiminika. Usiku inapoa na kuganda upya, polepole, bila mpangilio uliouweka wewe. Vibapa vidogo ndivyo vinavyotangulia kuyeyuka, na kinapopoa, nta hiyo inakwenda kujibandika kwenye vibapa vikubwa vilivyobaki. Siku baada ya siku wakubwa wanakua, wadogo wanaisha. Hapo ndipo chengachenga zinapotoka. Na kwa kuwa vibapa vichache vikubwa vina nafasi pana kati yao, uwezo wa kushika mafuta unapungua, kiunzi kinajibana, mafuta yanasukumwa nje. Hilo ndilo jasho. Msimu wa kusi joto la mchana halipandi hivyo, ndiyo maana hulioni.

Kitu cha kwanza ningekifanya ni kupima kwa mizani, si kwa kijiko wala kwa jicho. Mafuta mengi ya mgando ya namna yako hutengenezwa kwa sehemu moja ya nta kwa sehemu nne au tano za mafuta, kwa uzito. Kama wewe unaweka nta kidogo ili yawe laini, kaskazi itakuadhibu. Tengeneza mapishi mawili, la kusi na la kaskazi, na kaskazi uongeze nta. Yatakuwa magumu kidogo kwenye kidole. Huo ndio mvutano wa biashara hii na hakuna kemia inayouondoa wote.

La pili ni namna ya kuyeyusha na kupoza, na hapa ndipo wengi wanapopoteza. Yeyusha kwenye bakuli lililokaa ndani ya maji ya moto, mpaka mchanganyiko uwe angavu kabisa, kisha uuache hapo dakika chache zaidi. Ukiuondoa ungali na vipunje ambavyo havijaonekana, vipunje hivyo vitakuwa mbegu, na kila kitu kitakimbilia kujenga juu yake: chengachenga tangu siku ya kwanza. Mimina kwenye makopo kungali na joto. Yaweke makopo kwenye beseni la maji ya baridi yasiyofika mdomoni, ili yapoe haraka na kwa usawa. Kupoa haraka kunazaa mbegu nyingi kwa pamoja, na mbegu nyingi maana yake vibapa au nyuzi nyingi ndogo, wavu mlaini wenye nafasi finyu. Mchanganyiko ukishaanza kuwa na ukungu, usikoroge, usitikise, usisogeze. Unavunja wavu unaojengwa, na kwa wagandishi wengi wavu uliovunjwa hivyo haujirudishi vilevile mpaka uyeyushe upya.

Ambalo linanileta kwenye habari njema: kopo lililotoka jasho halijaharibika kwa sababu hiyo tu. Liyeyushe lote, mpaka angavu, ulipoze upya. Ila linuse kwanza. Mafuta ni yaleyale, nilisema, na hii ndiyo hatari ya kwanza ya neno hilo: ufuta ulioganda unaharibika kwa hewa na joto kama ufuta wa chupa. Ufuta una vizuia-oksidi vyake vya asili na unavumilia kuliko mafuta mengi, lakini kuupasha moto mara kwa mara kunaumaliza. Ukianza kunuka, wavu mzuri hautausaidia. Na usije ukatia maji ya mshubiri au ya majani yoyote humo ukitarajia yachanganyike. Maji yanaingilia ushikanaji wa molekuli na yanakaribisha vijidudu ambavyo mafuta matupu hayavikaribishi.

Je, utumie unga wa mdogo wako? Kikemia unafaa. Asidi hii na ndugu zake wa mafuta ya nyonyo hutumika kwenye vipodozi kote duniani, na Japani kuna unga wa aina hii unaouzwa kwa akina mama wa nyumbani wa kugandishia mafuta yaliyokwisha kukaangiwa, ili wayatupe kama kipande kigumu badala ya kuyamwaga kwenye sinki. Mgando wake unavumilia joto la mchana wa Lindi, na kwa kiasi kidogo. Lakini unga uliotoka kwenye chupa ya maabara ya chuo usiupake mtu. Unga huu unatengenezwa kwa kuongeza haidrojeni kwenye asidi ya mafuta ya nyonyo, kazi inayosaidiwa na madini ya nikeli. Wa daraja la viwandani unaweza kubaki na mabaki ya madini hayo, na nikeli ni miongoni mwa vitu vinavyoongoza kwa kuwasha ngozi za watu. Ukiutaka, nunua wa daraja la vipodozi wenye cheti cha vipimo, na usiuweke kwenye kitu cha kula. Mimi binafsi, kwa biashara ya ukubwa wako, ningebaki na nta. Inapatikana Liwale na Tunduru, wateja wanaijua, na tatizo lako kwa sehemu kubwa ni la upoezaji na vipimo. Ukishalitengeneza hilo na bado kaskazi inakushinda, hapo jaribu kuongeza unga kidogo juu ya nta, siyo badala yake.

Kuhusu thina na mafuta ya taa nina neno moja tu na nalisema kwa ukali kidogo: msijaribu nyumbani. Ili unga uyeyuke lazima kiyeyushi kipashwe moto, na mvuke wa thina unatambaa chini mpaka kwenye jiko kabla hujausikia. Maabara hufanya hivyo kwenye kabati la kufyonza mvuke, bila mwali wowote. Na thina iliyoganda ni thina ileile. Inawaka vilevile, mvuke wake ni uleule, pengine ni mbaya zaidi kwa kuwa inanata. Kugandisha mafuta ya namna hiyo kuna kazi yake halali: mwaka 2010 kikundi cha mkemia George John kule New York kilionyesha wagandishi waliotokana na sukari-pombe wanaogandisha dizeli iliyoelea juu ya maji na kuyaacha maji yenyewe, jambo linaloweza kuwahusu sana watu wenye bandari na wavuvi. Mdogo wako akitaka kufuata njia hiyo, aifuate akiwa na msimamizi wa maabara.

George John huyohuyo ndiye anayejibu swali lako la korosho, na nadhani hukulitegemea. Kimiminika cheusi kilichomo kwenye ganda kinaweza kufikia robo ya uzito wa ganda. Kikiwa kibichi sehemu kubwa ni asidi ya anakadiki. Kikipashwa moto mkali, kama kiwandani, asidi hiyo inatoa kaboni dayoksaidi na kubaki kadanoli: kichwa chenye pete ya kaboni sita, na mkia wa kaboni 15. Tazama umbo hilo. Kichwa kimoja, mkia mrefu. Mwaka 2001, John akiwa Japani pamoja na Toshimi Shimizu na wenzao, walibandika glukosi kwenye kichwa cha kadanoli, na molekuli zikajipanga zenyewe kuwa nyuzi zilizosokotwa na mirija myembamba. Baadaye wakaonyesha kwamba jamaa ya molekuli hizo inagandisha maji na viyeyushi kadhaa. Kwa hiyo ndiyo, ganda la korosho linaweza. Huku nyumbani pia kemia ya ganda hili si ngeni: Egid Mubofu, akiwa mkemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika kwa upana juu ya kugeuza maganda ya korosho, na mafuta ya nyonyo pia, kuwa kemikali zenye thamani.

Ila kimiminika chenyewe, kama kinavyotoka kwenye ganda, hakigandishi chochote. Ni mchanganyiko, mikia yake mingi imepinda kwa sababu ya bondi mbilimbili, na mikia iliyopinda hailali pamoja. Kinahitaji kusafishwa, kutenganishwa na kubandikwa sukari, kazi ya maabara yenye vifaa. Na kinaunguza. Ni ndugu wa sumu za mimea inayobabua ngozi, na waliowahi kubangua korosho kwa mkono Newala au Tandahimba hawahitaji kuelezwa na mimi. Usichemshe maganda jikoni kwako, moshi wake ni mbaya kwa macho na kifua, na usitie hata tone lake kwenye mafuta ya kupaka, hata mtu akikwambia kuna dawa ndani.

Ikitokea mteja amepata upele, malengelenge au muwasho usioisha baada ya kupaka, asimamishe kutumia na aende hospitali ya mkoa, Sokoine, akiwa na kopo lenyewe mkononi. Kwa upande wako, vipodozi viko chini ya shirika la viwango, TBS, tangu mwaka 2019, na ukibadilisha kiambato kutoka nta kwenda unga huu hiyo ni bidhaa nyingine machoni pao. Waone kabla hujauza. Kwa mapishi na vipimo nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo. Chukua kopo moja lililotoka jasho, moja lililoshika, yote yakiwa na tarehe ya kutengenezwa, na karatasi uliyoandika gramu za nta, gramu za ufuta, na kama ulikoroga au hukukoroga.